Ni-na-ku-pi-ga: maswali yenu juu ya mapigo ya swingi

Tangu kiangazi kianze, barua zinazofika kwenye ukurasa huu wa gofu zimekuwa zikizunguka jambo lilelile, yaani swingi, ule mzunguko wa fimbo kwenda juu na kurudi kwenye mpira: fimbo inapanda vizuri, inashuka vibaya, na kila jirani ana dawa yake. Tumechagua sita. Maelezo yote hapa ni ya mchezaji wa mkono wa kulia. Mwenye kutumia kushoto ageuze pande tu.

"Kedi wangu ananiambia polepole, lakini mpira unazidi kupinda"

*Nacheza Jumamosi na Jumapili tu. Nikichukua draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira unakwenda kulia kila mara. Kedi, mbeba fimbo zangu, ananiambia "polepole, muzee, polepole", nami nimekuwa nikipunguza mwendo tangu mwezi wa nne. Mambo yamezidi kuharibika. Nimejirekodi kwa simu, picha 60 kwa sekunde: kupanda ni picha 78, kushuka ni 18. Namba hizo zinasema nini? (Muzee wa mtaa wa Golf, Lubumbashi)*

Baba, ungekuja na maneno matupu tungebaki kubahatisha, lakini umekuja na hesabu. Picha 78 ni sekunde 1.3. Picha 18 ni sekunde 0.3. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata 4.3. Sasa linganisha: wachezaji wengi wa kulipwa hukaa karibu na 3, yaani muda wa kupanda ni mara tatu ya muda wa kushuka. Mmarekani John Novosel ndiye aliyelivumisha jambo hili, baada ya kuhesabu picha za video, 30 kwa sekunde, na kukuta jozi zilezile zinarudi: 21 kwa 7, 24 kwa 8, 27 kwa 9. Ukimtazama Ernie Els wa Afrika Kusini utadhani anapiga kasia kwenye maji yaliyotulia. Nick Price wa Zimbabwe, yeye utadhani anawahi gari linaloondoka. Wote wawili wametwaa lile shindano kubwa la The Open, Price mwaka 1994, Els mwaka 2002 na 2012. Basi mwendo wa haraka au wa polepole ni tabia ya mtu; kinachotafutwa ni uwiano.

Kushuka kwako kwa sekunde 0.3 hakuna kasoro yoyote. Kasoro iko kwenye kupanda: kwa mtu anayeshuka kwa 0.3, kupanda kunatakiwa kuchukua 0.9. Wewe umeongeza sekunde 0.4 nzima. Kedi wako anaona fimbo ikishuka kwa fujo, na kwa macho yake ana haki, ila dawa aliyokupa inaingia mahali pasipouma. Mtu akiambiwa polepole hupunguza sehemu anayoweza kuitawala, nayo ni kupanda. Kushuka hakutawaliki: kunachukua robo ya sekunde au zaidi kidogo, karibu sawa na muda ambao jicho na mkono vinahitaji kuitikia jambo lolote. Ukishaanza kushuka, hakuna wazo litakalofika mikononi kabla ya mpira kuondoka.

Na kwa nini mpira unapinda kulia? Fimbo inayopandishwa kwa kujivuta haina msukumo wake. Ikifika juu inakuwa imekufa, mkono wa kushoto umeshajikunja, uzito umebaki katikati ya miguu. Lazima nguvu itoke mahali, na mahali pa karibu ni bega la kulia. Bega linaruka mbele kabla ya kiuno kugeuka, fimbo inatoka nje na kuukata mpira kuelekea ndani, uso wake unaogonga mpira bado umefunguka, yaani unatazama kulia. Hapo ndipo mpira unapozungushwa kwenda kulia.

Fanya hivi. Weka kwenye simu programu ya metronomu, inayotoa mlio wa mapigo yaliyo sawasawa, itege kwenye mapigo 200 kwa dakika. Kila pigo ni sekunde 0.3. Pigo la kwanza fimbo inaanza kuondoka, la pili na la tatu inapanda, la nne iko kileleni, la tano inagonga. Kabla ya kusogeza kitu, sikiliza mapigo manane au kumi huku ukitikisa kichwa. Wengi hukosea hapa: wanangoja walisikie pigo la kwanza ndipo waanze, wanachelewa karibu pigo zima, kisha wanakimbizana na saa mpaka mwisho. Fimbo iondoke pamoja na pigo, kama mcheza ngoma anavyoingia.

Siku ya kwanza usiweke mpira kabisa. Mizunguko 10, pumzika, mingine 10. Kisha fimbo namba 8 na mpira juu ya kijiti kifupi, mipira 20, bila kujali inakoelekea. Tunakuonya mapema: utahisi unakimbia kama mwizi, na mipira mitano au sita ya kwanza utaigonga kichwani ikatambaa chini. Mwili ulizoea kungoja kileleni, sasa umenyimwa nafasi ya kungoja, kwa hiyo unainuka. Itapita. Draiva irudi juma la pili, si kabla.

Mapigo 200 yakikushinda, anzia 180 (kupanda sekunde 1, kushuka theluthi ya sekunde). Yakikaa vizuri, baada ya mwezi jaribu 225, ambayo ndiyo ile 24 kwa 8. Wenye mwili mwepesi hufika 257, ile 21 kwa 7. Wewe tunadhani makazi yako ni 200, maana kushuka kwako tayari kunasema hivyo.

Kwa wengine watakaotaka kujipima: simu iwe mbele yako, kimo cha kiuno, umbali wa mita 3, isiguswe. Picha ya mwanzo ni ile ambayo kichwa cha fimbo kinaondoka moja kwa moja. Vile vitikisiko vya kujiandaa usivihesabu. Kilele ni picha ya mwisho kabla mpini haujabadili mwelekeo. Simu ikirekodi picha 240 kwa sekunde, 24 kwa 8 inakuwa 192 kwa 64. Pima swingi tano zenye mpira, uchukue wastani. Swingi ya majaribio isiyo na mpira usiipime: kila mtu ana swingi nzuri ya namna hiyo.

"Sina simu ya kisasa wala uwanja, nina lupango (ua wa nyumba) na fimbo moja"

*Bayaya (kaka na dada zangu), mimi ni kedi, naishi Kampemba. Nimepewa fimbo namba 7 ya zamani. Kwenye lupango yetu siwezi kupiga mpira, madirisha ya jirani yako karibu. Naweza kujifundisha mapigo bila mpira na bila metronomu?*

Unaweza, mdogo wetu, na huenda ukawapita wenye simu.

Tafuta uzi imara na nati moja nzito ya bolti. Funga nati kwenye uzi, ining'inize kwenye msumari au tawi, na upime sentimita 64 kutoka msumarini hadi katikati ya nati. Ivute kando kama sentimita 10, iachie. Kutoka upande mmoja hadi wa pili inachukua sekunde 0.8, na hizo ndizo sekunde za kupanda kwa mtu wa 24 kwa 8. Uzito wa nati haubadilishi kitu, urefu wa uzi ndio unaotawala. Kwa mwendo wa haraka zaidi (sekunde 0.7) kata sentimita 49, kwa wa taratibu (0.9), sentimita 80. Usiivute mbali sana, maana ikiyumba kwa upana mkubwa inachelewa.

Simama nati ikiwa mbele yako, mbali na njia ya fimbo. Inapofika mwisho wa kushoto, fimbo iondoke. Inapofika mwisho wa kulia, fimbo iwe kileleni. Toka hapo iache nati iende zake, wewe shuka. Nati hailindi kushuka. Kushuka kunalindwa na sikio.

Geuza fimbo juu chini, shika karibu na kichwa chake, mpini uwe ndiyo ncha. Zungusha kwa nguvu ya kawaida. Utasikia "fyuuu". Swali ni inalia wapi. Ikilia karibu na bega lako la kulia, umetupa nguvu yote kileleni na mpira ungepata mabaki. Sauti kali inatakiwa isikike pale mpira ungekuwepo au mbele yake kidogo, upande wa mguu wa kushoto. Fanya 10 kwa sauti, kisha 10 kwa nati, kisha geuza fimbo sawasawa na ufanye 10 za mwisho ukiwa na vyote viwili kichwani. Dakika 15 zinatosha, mara nne kwa juma. Ukizidisha, mikono inachoka na mapigo yanavurugika bila wewe kujua.

Kujua kama fimbo inafika chini mahali pake, chora mstari wa majivu kwenye udongo, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, na fimbo iguse udongo mbele ya mstari, upande wa kushoto. Ikigusa nyuma yake umeshuka ukiwa umebaki kwenye mguu wa kulia. Lakini udongo mwekundu wa kiangazi ni kama tofali. Chuma kikigonga hapo maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Lima kipande cha mita moja kwa jembe, nyunyizia maji jioni, asubuhi kitakuwa laini. Pande zote uache mita 3 bila mtu, na watoto wakae upande wa mlango.

"Ninapohesabu moja-mbili nachanganyikiwa"

*Mwalimu alinifundisha kusema "moja" nikipanda na "mbili" nikishuka. Nasema, lakini mara ninavuta "moja", mara ninaikata. Kuna maneno bora? (Mama anayeanza, Bel-Air)*

Mama, maneno hayo mawili hayana uwiano ndani yake. "Moja" ina silabi mbili na "mbili" pia ina mbili, kwa hiyo ulimi unakuvuta kwenye 1 kwa 1, wakati mwili unatakiwa kwenda 3 kwa 1. Unahitaji neno lenye silabi tano: ya kwanza kuanza, ya nne kileleni, ya tano kwenye mpira.

Kiswahili kimejaa maneno ya aina hiyo. Sisi tunapenda *ni-na-ku-pi-ga*. Fimbo inaondoka kwenye "ni", iko kileleni kwenye "pi", mpira unaondoka kwenye "ga". Mkazo wa neno letu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nayo hapa imeangukia kileleni, mahali pale ambapo swingi inageuka. Kama "ninakupiga" inakuamshia hasira na kukukaza mabega, sema *ni-me-ku-o-na*. Ni laini zaidi na hesabu ni ileile.

Kuna mtego mmoja. Tukizungumza huwa tunaivuta ile silabi yenye mkazo: "ninakupiiiga". Ukiivuta hivyo, kushuka kunakuwa kurefu na uwiano unaporomoka hadi 2 kwa 1. Silabi zote ziwe na urefu mmoja, kama mtoto anayesoma ubaoni. Seti ya kwanza sema kwa sauti, usione haya. Ya pili mdomo ufungwe, neno libaki kichwani. Ukigundua kwamba neno limepotea katikati ya swingi, hapo ndipo ulipoanza kufikiria mpira.

Angalia pia unavyoishika fimbo, kwa sababu anayebana sana hawezi kufuata neno lolote. Shika kama unavyoushika mkono wa mtoto mnapovuka barabara: asichomoke, asilie. Ukifika kileleni vidole vya kulia vikabana ghafla, umerudi kule kwa Baba wa barua ya kwanza.

"Naruhusiwa kuvaa spika za masikioni kwenye mashindano?"

*Metronomu imenisaidia sana mazoezini. Kwenye mashindano ya klabu naweza kuisikiliza kwa sikio moja? (Kijana wa Kolwezi)*

Hapana. Kanuni ya 4.3 ya gofu inakataza kusikiliza muziki au sauti yoyote kwa ajili ya kusaidia mwendo wa swingi au kujikinga na kelele. Kosa la kwanza ni mapigo mawili ya adhabu (au kupoteza shimo katika mchezo wa mtu kwa mtu), la pili ni kuondolewa. Fimbo ya mazoezi yenye uzito wa ziada nayo usiizungushe katikati ya raundi. Neno la kichwani halina adhabu.

"Mipira mirefu imekaa sawa, lakini kwenye grini naharibu"

*Nikiwa mita 2 napita shimo, nikiwa mita 8 nafika nusu. Mapigo ya 3 kwa 1 yanafaa pia kwa kusukuma mpira shimoni? (Msomaji wa Likasi)*

Ndugu, kwenye grini, pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo, uwiano unashuka: 2 kwa 1. Fimbo ya kusukumia haihitaji kujikunja na kujikunjua kama draiva, inayumba tu, kama ile nati ya mdogo wetu wa Kampemba. Mipira mifupi ya kandokando ya grini nayo inafuata 2 kwa 1.

Neno la silabi nne linatosha, nalo unalo mdomoni kila siku: *Lu-bu-mba-shi*. Fimbo inaondoka kwenye "Lu", inaishia nyuma kwenye "mba", inagusa mpira kwenye "shi". Kwenye metronomu ni yale yale mapigo 200: la kwanza, la tatu, la nne. (Mtu wa Likasi kusema Lubumbashi, tunajua, inauma kidogo.)

Kosa lako tunaliona hata bila picha. Mita 2 unarudisha fimbo fupi halafu unachapa. Mita 8 unairudisha ndefu, unaogopa, unapunguza mwendo karibu na mpira. Yaani unabadilisha mwendo, wakati kinachotakiwa kubadilika ni urefu. Muda wa "Lubumbashi" ni uleule kwa mita 2 na kwa mita 8. Fimbo iliyokwenda mbali zaidi kwa muda uleule imekwenda kwa kasi zaidi yenyewe, bila wewe kuisukuma.

Chukua vifuniko vitatu vya chupa. Viweke kandokando ya njia ya fimbo, nyuma ya mpira: sentimita 15, 30 na 45. Piga mipira 10 ukiirudisha fimbo mpaka kifuniko cha kwanza, kwa neno lile lile, na uhesabu hatua za mahali mpira ulipokoma. Andika. Kisha cha pili, kisha cha tatu. Hatutakupa umbali wa kutegemea, kwa sababu grini ya asubuhi yenye umande na ileile saa nane mchana zina mwendo tofauti kabisa. Ndiyo maana zoezi hili linarudiwa kabla ya kila raundi, mipira mitatu kwa kila kifuniko. Mpira wa mita 1 ukikushinda hata baada ya hapo, tatizo ni mwelekeo wa uso wa fimbo, na hilo ni barua nyingine.

"Najifundisha kwa chuma cha betoni, sasa mgongo unauma"

*Rafiki aliniambia nizungushe kipande cha chuma cha betoni (nondo) cha milimita 12, urefu wa mita 1, mara 50 kila asubuhi saa moja, ili nipate mwendo mzuri. Baada ya juma mbili kiuno kinauma, na mashimo matatu ya kwanza nayaharibu kila Jumapili. (Msomaji wa Katuba)*

Acha leo. Chuma cha milimita 12 kina uzito wa karibu gramu 890 kwa kila mita. Fimbo namba 7 nzima inazidi kidogo gramu 400, na draiva ni nyepesi zaidi. Unajaribu kuufundisha mwili mapigo ya kitu kizito mara mbili: kupanda kunachelewa, kushuka kunachelewa zaidi kwa sababu kiuno ndicho kinachokizuia kisikuvute. Uwiano unaojifunza hapo hautautumia kamwe. Ukipenda chuma, kata cha milimita 8. Mita moja ni karibu gramu 400. Kifunge mpira wa ndani wa tairi la baiskeli mahali pa kushikia, ukizungushe mara 15, siku moja ndiyo, moja hapana. Kiuno kikiendelea kuuma baada ya juma moja la kupumzika, nenda kwa daktari, gofu ingoje.

Mashimo matatu ya kwanza yana sababu yake. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10. Mabega hayageuki mpaka mwisho, fimbo inafika kileleni mapema, lakini kushuka kunabaki vilevile, basi 3 kwa 1 inakuwa 2 kwa 1 bila ruhusa yako. Fika nusu saa kabla. Tembea dakika 10 ukiwa na sweta, zungusha mabega, kisha swingi nusu 10 miguu ikiwa imebanana, ukisema neno lako. Miguu ikibanana huwezi kujitupa, utaanguka. Shimo la kwanza weka draiva kwenye mfuko na uanze kwa fimbo namba 5, swingi ya robo tatu. Sweta ivuliwe shimo la nne, si kabla.